Barua kwa mwanangu: tani tani

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipokea Jumatano mkononi mwa kondakta wa basi, ikiwa ndani ya bahasha ya kampuni yenu ya bima, nikaisoma mara moja nikiwa nimesimama barazani na mara ya pili baada ya swala ya alasiri, na tangu hapo iko chini ya redio, mahali unapopajua. Shangazi yako ameshaniuliza mara mbili kama imeleta habari ya mchumba. Nimemwambia imeleta habari ya kazi, hamu ikamwisha.

Unasema umepata nafasi ya mhadhiri msaidizi wa fasihi, kwamba mshahara wake haufiki nusu ya unaolipwa sasa, kwamba umepewa wiki tatu za kujibu, na kwamba kabla hujajibu unataka nikuambie kwa haki kama kazi hii ilinilipa mimi. Umenihesabia hata miaka: nilianza mwaka 1973 nikiwa mkufunzi msaidizi, nikastaafu mwaka 2010 nikiwa profesa, jumla miaka 37. Hesabu yako ni sahihi, na umeirithi kwa babu yako, maana mimi sijawahi kujumlisha kitu nikapata jibu lilelile mara mbili.

La fedha nitalimaliza upesi. Wewe ulizaliwa mwaka 1984, vita vya Kagera vikiwa vimekwisha miaka mitano nyuma lakini hazina ya nchi ikiwa haijapona, na mshahara wa mhadhiri ulitutosha siku kumi hivi. Siku ishirini zilizobaki zilikuwa za kuku. Baba yako, Mungu amrehemu, alifuga kuku mia mbili nyuma ya nyumba, nami nilisahihisha insha za mwaka wa pili huku trei za mayai zimepangwa ukutani, kiasi kwamba mwanafunzi mmoja alirudishiwa kazi yake ikiwa na alama ya A na alama ya kiini cha yai. Wenzangu wenye shahada za Ulaya na Marekani walikata majani ya ng'ombe kando ya barabara alfajiri, na saa mbili walikuwa darasani wakifundisha tanzia za Wayunani, mikono imenawiwa vizuri. Wengine walikwenda Botswana, Lesotho na Swaziland, na sikuwalaumu wakati ule wala siwalaumu leo. Kwa upande wa fedha, basi, jibu ni hapana, na ulilijua kabla ya kuniuliza, kwa sababu ada yako ya sekondari ililipwa na mayai.

Lakini neno lako hilo la kulipa limenipeleka kwingine. Limenipeleka kwenye mizani ya babu yako, baba yangu, na nimejaribu siku tatu kuandika barua isiyopita huko, nikashindwa.

Unajua kwamba alikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mizani tangu asubuhi: robota linapandishwa, anasoma namba, anaandika kwa penseli, linashushwa, linapandishwa jingine. Robota moja kilo 250, robota nne tani moja. Alipenda kutusimulia kwamba mkonge wa nchi hii ulianza kwa miche 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai mwaka 1893, na kwamba mwanzoni mwa miaka ya sitini nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na kila alipolitaja neno hilo alilitaja mara mbili, tani tani, kwa sauti ya mtu anayeona treni ikipita na mali ya watu wengine. Jioni alirudi nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga mjini, akaoga, akaketi kwenye kile kiti cha kamba, akaanza mizani yake ya pili: silabi nane za ukwapi, nane za utao, kumi na sita kwa mshororo, akizihesabu kwa kugonga vidole gotini. Kile kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, alikuwa nacho kikiwa hakina jalada, na hakukihitaji. Sheria zote zilikuwa gotini.

Mimi niliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, mwaka uleule kilipoanza kujitegemea baada ya kuvunjika kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kulikuwa na moto wakati ule. Miaka miwili nyuma, Oktoba 1968, walimu watatu wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walikuwa wameandika waraka wao wa kutaka idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pawe na idara ambayo kitovu chake ni Afrika, na fasihi simulizi ikiwemo. Waraka ule tuliuzungumza hadi usiku wa manane. Usifikiri kwamba ulikuwa ugomvi wa walimu kugombea mitaala. Kwetu sisi watoto wa makarani na wakulima ilikuwa ni kuambiwa kwamba nyimbo za bibi zetu zinaweza kuulizwa kwenye mtihani. Nililia, nakumbuka, nilipopata swali la mtihani juu ya methali.

Sasa angalia jambo hili, kwa maana limenichukua nusu ya maisha kuliona. Tuliidai fasihi simulizi, tukaipata, tukaiandikia maswali ya insha, lakini wazee walioibeba vichwani mwao, waliokuwa wakituma mashairi magazetini kila wiki na kusoma redioni, tuliwaona washamba. Tuliutaka wimbo bila mwimbaji. Nasema "tuli" kwa heshima ya wenzangu. Nikiandika kwa haki nitaandika "nili".

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha diwani yake ya Kichomi, iliyokuwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na katika utangulizi wake akaitetea njia hiyo. Vumbi lililotimka baada ya hapo unalifahamu, umelisomea. Wazee walisema haya si mashairi. Vijana walisema vina ni pingu. Mimi nilikuwa kijana, tena kijana mwenye kalamu nyekundu, na nilisimama upande wa vijana kwa miguu yote miwili. Na usinielewe vibaya: hadi leo naamini kwamba Kezilahabi alikuwa mshairi hasa, na kwamba waliomwambia hajui kutunga hawakuwa wamemsoma. Kosa langu halikuwa upande niliouchagua.

Mwaka 1976 niliombwa kutoa mada katika kongamano la ushairi. Nilitaka kuonyesha jinsi vina vinavyomburura mtunzi hadi akaandika neno lisilo na kazi. Nilitafuta mfano katika magazeti ya miaka ya nyuma, na nikaupata ubeti huu, ambao kwenye mada yangu niliuandika hivi:

Mkonge tunaukata, jua kali mashambani,
Singa zikishatakata, twazifunga robotani,
Mizani ikizivuta, nahesabu tani yani,
Mwenye kisu hajapata, hata ratili nyumbani.

Nilipiga chapa stensili kwa mkono wangu, tukairudufu, kila mshiriki akapewa karatasi yake ikinuka wino. Kisha nikasimama. Nilisema kwamba mtunzi alianza vizuri, ila alipofika mshororo wa tatu akaishiwa: alihitaji kina cha "ni", hakuwa nacho, akachomeka "yani". Tena, nikasema, kwa kuwa neno "yaani" kamili lingemzidishia mizani, amelikata hata neno lenyewe ili liingie, kama fundi anayekata mguu wa mgonjwa utoshe kitandani. Ukumbi ulicheka sana. Nilikuwa na umri wa miaka 26, na kicheko cha ukumbi ukikipata katika umri huo unakitaka tena, kwa hiyo niliongeza maneno mengine mawili matatu ambayo sitayaandika hapa.

Babu yako alikuwa ameketi safu ya nyuma karibu na mlango. Alikuwa amekuja Dar es Salaam kwa basi, kilomita 350 hivi, bila kunipa taarifa, na jirani yangu ndiye aliyemwelekeza ukumbini. Nilimwona watu walipokuwa wanatoka kunywa chai. Alikuwa amesimama chini ya mwembe na kikapu cha machungwa ya Muheza, karatasi yangu imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati. Nilimwamkia, akaitikia. Akaniuliza habari za afya, nikamjibu. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea uzito wa robota:

"Mshororo wa tatu umekosewa. Ni tani tani."

Nikanyamaza. Akaongeza: "Na 'yaani' ina silabi tatu. Mimi nisingezidisha."

Basi. Hakusema neno jingine juu ya jambo hilo siku ile, wala miaka 17 iliyofuata hadi alipofariki. Alinipa machungwa, akala chakula cha mchana kwangu, akausifu mchuzi, na kesho yake akapanda basi.

Umeuona ubeti sasa? Rudisha tani tani mahali pake. Tani juu ya tani zinapita mbele ya karani, na mshororo unaofuata, mkataji aliyezikata hana hata ratili nyumbani kwake. Shairi zima limesimama juu ya maneno hayo mawili, tani na ratili, moja kila upande wa mizani, na mimi niliiondoa tani, nikaweka takataka yangu, halafu nikamcheka mtu kwa takataka ile. Kipande cha gazeti nilichonakili kilikuwa na waa la wino juu ya ile herufi ya kwanza. Ningeweza kuandika kwamba neno halisomeki. Ningeweza kusoma ubeti kwa sauti mara moja tu, mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya mpika chai, na sikio lingenirudisha kwenye njia. Sikusoma. Nilitegemea kukuta udhaifu, na mtu akitegemea kukuta udhaifu haukosi.

Hapa ndipo lilipotoka lile neno langu ambalo wewe na kaka yako mlikuwa mkiliigiza mezani, kwamba shairi lisomwe kwanza kwa sauti, nadharia itangoja. Mlidhani nililipata Ulaya.

Kuna jambo jingine. Hadithi hii mmeisikia kwa shangazi zenu, na kila mara inasimuliwa kwamba mama yenu hakujua shairi ni la nani. Mimi mwenyewe nimeisimulia hivyo, hata kwa baba yako. Si kweli. Chini ya shairi palikuwa na lakabu yake, ileile iliyoandikwa kwenye jalada la daftari zake zote. Nilijua. Shairi lenyewe sikuwa nimelisikia kabla, lakini mwenyewe nilimjua, na nadhani nililichagua kwa sababu hiyo: nilitaka kujithibitishia kwamba sina woga, kwamba elimu imenitoa Ngamiani kiasi kwamba naweza kumpima karani wa mizani kwa mizani yangu. Jina lake nililiacha nje ya karatasi, nikajiambia kwamba hiyo ndiyo heshima.

Nijitetee kidogo, kwa sababu nimekaa na kesi hii muda mrefu na upande wangu nao una wakili. Hoja yenyewe haikuwa ya uongo. Yapo mashairi mengi, na gazetini yalikuwa tele, ambayo mtunzi anafukuza kina kama mtu anayefukuza kofia kwenye upepo. Mwalimu akikuta hivyo aseme. Asiposema anadanganya wanafunzi. Na mwalimu mwoga, anayewakwepa wazazi na majirani na watu wa mji wake, hafai kufundisha fasihi. Hayo yote naweza kuyasema na nikayaamini. Lakini nikiyasema nasikia ile sauti ya chini ya mwembe, nikakumbuka kwamba sikuwa nimemkosoa mshairi kwa alichoandika. Nilimkosoa kwa nilichoandika mimi. Wakili wangu huketi.

Kilichoniuma zaidi ni kutojibiwa. Unajua desturi ya malenga: ukimchokoza kwa hoja anakujibu kwa beti, unarudisha, anarudisha, na watu wanafaidi. Ndivyo walivyofanya tangu enzi za Muyaka na Mombasa yake. Kwa miezi mingi nilinunua gazeti kila Jumapili, nikifungua ukurasa wa mashairi kabla ya habari, nikitafuta lakabu ile na jina langu chini yake. Lakabu niliiona. Aliandika juu ya mvua za vuli. Aliandika juu ya foleni ya sukari. Aliandika beti saba juu ya mbuzi wa jirani aliyekula mahindi yake. Juu yangu hakuandika hata ubeti mmoja. Sijui kama alinisamehe, au aliona mtoto halumbaniwi, au aliona sijafikia kiwango cha kujibiwa, na nikiwa na hali mbaya naona ni hilo la tatu.

Nilipopata nafasi ya shahada ya uzamivu London mwaka 1988, na ikabidi uachwe, ni yeye aliyesema, "Mlete." Ulikuwa na miaka minne. Umewahi kuniambia kwamba hukumbuki kulia siku ile, na mimi sijakuambia kwamba nilikuona ukilia kupitia kioo cha nyuma cha teksi, kwa hiyo sasa nimekuambia. Miaka mitatu nilikaa katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, nikisoma miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati ile, kama unavyojua, haikuundwa kwa ajili ya irabu zetu: herufi moja husimama mahali pa "o" na "u", nyingine mahali pa "e" na "i", na wanakili wengi hawakutofautisha "p" na "b". Jicho peke yake haliwezi kuamua. Unasoma neno kwa sauti, unalirudia, unalipitisha kwenye mizani ya mshororo, na ghafla linakaa, kama mlango unaoingia kwenye fremu. Profesa mmoja aliyenisikia nikinong'ona mezani aliniuliza kama ninaswali. Nikamwambia nasoma. Kila nilipokuta mnakili amekosea, nilijiuliza naye alikuwa akimdharau nani.

Wakati huohuo wewe ulikuwa unalala chumbani kwa mtu ambaye mimi nilikuwa nikimtafuta kwenye karatasi. Niliporudi mwaka 1991 ulikuwa na miaka saba, meno mawili yametoka, na ulikuwa ukihesabu mizani ya kila sentensi niliyosema. "Mama, hiyo ni tisa," uliniambia siku ya kwanza nilipokuita kula. Babu yako alitazama pembeni, lakini mabega yalikuwa yakitikisika. Sijawahi kupata tuzo kubwa kuliko hiyo wala aibu kubwa kuliko hiyo, na zilikuja kwenye sentensi moja.

Sasa nikuambie kazi yenyewe, maana nimesahau kwamba wewe unaulizia kazi. Vyeo vilikuja kama vinavyokuja: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, kila kimoja kwa makala kadhaa zilizohesabiwa, na ujue kwamba katika vyuo vingi makala juu ya shairi huhesabiwa vizuri zaidi kuliko shairi. Kwa kanuni hiyo mimi ningepanda cheo kwa kumwandika babu yako, na yeye asingepata hata ukufunzi msaidizi. Vikao sitakusimulia. Tasnifu utazisimamia nyingi, na nyingi zitaanza na kurasa arobaini za nadharia ambazo mwanafunzi amezivaa kama koti la kuazima, mikono imepita vidole. Kazi yako itakuwa kumvua koti taratibu bila kumdhalilisha, kisha kumwomba akusomee kwa sauti ukurasa mmoja wa kitabu anachokiandikia. Nimekuta watahiniwa wa uzamili ambao hawajawahi kufanya hivyo. Nilikuwa siwacheki.

Na ipo siku moja ambayo nikiiweka upande mmoja wa mizani sijui niweke nini upande wa pili. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nafundisha utendi wa Mwana Kupona, ule aliomwandikia binti yake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na binti mmoja wa mwaka wa tatu, hodari sana, akasimama akasema kwamba hataki kuusoma, kwamba ni mnyororo, kwamba mama gani anamfundisha binti kumtumikia mume hivyo. Darasa likagawanyika. Zamani ningempa hotuba. Siku ile nilisema tu kwamba tutausoma wote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, kisha agombane nao kadiri anavyotaka. Nikaanza kusoma. Nilipofika kama beti ishirini, msichana wa Lamu aliyekuwa hajafungua kinywa tangu muhula uanze aliinua mkono akasema, kwa adabu, "Mwalimu, samahani. Bibi yangu hausomi hivyo. Huuimba." Nikamwomba auimbe. Akaanza kwa aibu, macho kwenye meza, bila kitabu. Hakusimama. Alipita mahali nilipoishia, akaendelea, na Kiamu chake kilikuwa kinaingia mahali ambapo mimi miaka yote nilikuwa nikipapasa. Kengele ililia na hakuna aliyeondoka. Yule hodari alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mikono. Alipoinuka alisema, "Bado ni mnyororo," na mimi nikasema ndiyo, huenda, lakini sasa umeusikia.

Nilirudi nyumbani kwa miguu siku ile nikipita vituo viwili vya daladala bila kuviona. Nilitaka kumsimulia babu yako. Alikuwa amefariki tangu mwaka 1993.

Wiki ya matanga yake ndipo nilipokitoa tena kile kipande cha gazeti. Kwa miaka mingi kilikuwa ndani ya kamusi, ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya mwaka 1981, kwenye ukurasa wa herufi T, na usinicheke. Nilikishika kwenye dirisha la chumba chake, jua la asubuhi likiwa upande wa pili, na chini ya waa la wino nikaiona ile t, kijiti chake na mkono wake mdogo. Ilikuwapo wakati wote. Ilihitaji tu mtu akisogeze kwenye mwanga.

Unaona nimejaza kurasa nyingi na swali lako bado liko pale chini ya redio. Umeuliza kama kazi ilinilipa, na mimi nimekuambia nani ninamdai na nani ananidai, ambayo si hesabu uliyoitaka. Nilikuwa nimeandika sentensi moja hapa ya kukuambia ufanye nini. Nimeikata. Nimeiandika tena kwa maneno mengine, nimeikata tena, na ukiiweka karatasi hii kwenye mwanga huenda ukaisoma, kwa hiyo usiiweke. Mtu aliyemwamulia mtunzi neno lake mara moja hana haki ya kuamua la pili. Lakini nakuomba jambo moja ambalo si hukumu: usihesabu mshahara peke yake, wala usihesabu mapenzi peke yake, na mtu akikuambia kwamba wasomi wa fasihi ni maskini wenye maneno mengi usimbishie, kwa sababu ni kweli, ila muulize mara ya mwisho kusoma kitu kwa sauti ilikuwa lini.

Tazama, nimeanza kuhubiri. Niache.

Kipande cha gazeti nimekitia ndani ya bahasha hii, kati ya kadibodi mbili. Usikikunje. Na katika barua yako hukuniambia kama nafasi yenyewe ni ya kufundisha ushairi au riwaya, wala darasa lina wanafunzi wangapi, wala kama watakuruhusu kuchagua vitabu. Niandikie hayo. Si kwamba yana uzito wowote kwenye uamuzi wako. Nataka tu kujua.

Majibu yao wapelekee mwenyewe kwa wakati, usinisubiri mimi, maana basi la Jumatano siku hizi linachelewa. Machungwa yameshaanza kuingia sokoni. Nitampa kondakta kikapu.

Mama yako